Je, Wajua? Kipande Kilivaliwa Shingoni

Mwulize mzee wa Ndabibi kitambulisho chake kiko wapi, na huenda akakujibu kwamba kipande kimo kwenye koti. Mjukuu wake atasema "aidii". Neno la mzee ndilo lenye kisa.

Je, wajua kwamba kipande cha kwanza hakikutiwa mfukoni? Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, na nafasi ambapo mwajiri aliandika mshahara, siku aliyomchukua na siku aliyomwachilia. Karatasi ilikaa ndani ya kijimkebe cha chuma, kijimkebe kikafungwa kamba, kamba ikapita shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayovishwa mbuzi. Walijua walichokuwa wakisema.

Sahihi ya mwajiri ndiyo iliyokuwa kufuli. Bila sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akitoroka, vidole vyake vilikuwa vimeshamtangulia kwenye majalada ya Nairobi. Katika eneo hili la magharibi mwa Ziwa Naivasha, ambako mlowezi Gilbert Colvile alifuga ng'ombe Ndabibi, mtu hakuhama shamba kwa kuamua tu kwamba amechoka. Kufikia 1931 vipande vilivyotolewa nchini vilikuwa vimepita milioni moja. Harry Thuku, aliyekuwa mstari wa mbele kukipinga, alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiliwe ukapigwa risasi nje ya kituo cha polisi cha Nairobi.

Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa ng'ambo ya mpaka. Kule Usambara, katika Tanzania ya leo, kuanzia 1907, Wajerumani waligawa kadi zilizomtaka mwanamume amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Je, wajua kwamba walowezi nao walikataa wino? Mwaka 1947 sheria mpya iliwataka wanaume wa rangi zote waandikishwe, vidole na vyote. Hapo ndipo wale walioishi miaka karibu 30 bila kuona ubaya wowote wa alama za vidole walipogundua ghafla kwamba jambo hilo ni la wahalifu. Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na nafuu ikapatikana: anayejua kuandika aliweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole.

Picha nazo zilikuwa na siku zao mbaya. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa walitakiwa wapigwe picha za vyeti vipya. Wengi walikataa, na mapema 1953 maelfu waliondoka au waliondolewa, wakarudishwa mkoa wa Kati.

Wanawake? Hawakuwa na kitambulisho kabisa hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978, miaka 15 baada ya Uhuru.

Je, wajua kwamba Waingereza, waliotuachia desturi hii, walivitupa vyao? Walikuwa na vitambulisho vya vita tangu 1939. Desemba 1950 dereva mmoja wa London, Clarence Willcock, alisimamishwa na polisi akakataa kutoa chake. Alishindwa kesi, lakini majaji wenyewe walilalamika kwamba karatasi ya wakati wa vita inatumiwa kuwasumbua raia. Februari 1952 vikafutwa. Vilirudishwa kwa sheria ya 2006, nayo ikafutwa 2010.

Kiingereza chao tumekibakiza, hata hivyo. Tazama kadi ya kizazi cha pili, iliyoanza kutolewa 1995: inakukaribisha kwa "Jamhuri ya Kenya", kisha majina, jinsia na mahali pa kuzaliwa vyote inakuuliza kwa Kiingereza. Iliendelea kuuliza wilaya hata baada ya kaunti kuanza kazi 2013.

Maneno yenyewe hayafanani tabia. "Identity" ya Kiingereza imetoka kwenye neno la Kilatini idem, "kilekile": kadi inathibitisha kwamba wewe ni yuleyule wa jana. Kitambulisho kimetoka kwenye kutambua, na kutambua kunahitaji mtu wa pili. Uganda kadi huitwa Ndaga Muntu, yaani kinachomwonyesha mtu. Tanzania watu wamechukua jina la mamlaka inayoitoa, wakaulizana, "Umepata NIDA?"

Siku hizi kadi hutazamwa zaidi kibandani kuliko barabarani. Tangu M-Pesa ianze 2007, wakala huiomba unapotoa pesa, na siku hizi laini nayo haisajiliwi bila kitambulisho. Ukiingia jengo lenye mlinzi, unaiacha getini kama rehani. Ndiyo maana hupotea sana. Anayeiokota huipeleka kwa chifu, au humpa mwenye duka aibandike kwenye kioo, picha ikitazama nje, imsubiri mwenyewe apite.