Mwezi Mmoja, Maji Matatu

Mlaji wa samaki wa Chekereni, kwenye tambarare za mpunga kusini mwa mji wa Moshi, analishwa na maji ya aina tatu. Perege na kambale hutoka Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana. Dagaa wakavu hufika soko la Mbuyuni, mjini Moshi, kutoka maziwa makuu, na samaki wa baharini huja kwa barabara kutoka pwani. Mwezi unaoyamulika maji hayo ni mmoja. Kazi anayoifanya mvuvi chini yake ni tofauti kabisa, ndiyo maana zile kalenda za simu zinazotaja siku njema za kuvua, bila kuuliza ni maji gani, hazina msaada mkubwa.

Pwani, mwezi huvuta maji. Ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na bamvua huja: Unguja maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Uzio uliojengwa kwenye maji mafupi hunufaika hapo, kwa sababu samaki walioingia na maji makubwa hunaswa yanapotoka. Mwamba nao hubaki wazi, na wanawake hushuka kutafuta pweza. Kati ya bamvua mbili huwa maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupungua sana, na mkondo hulegea.

Ziwani hakuna bamvua ya kumsumbua mtu. Huko mwezi ni taa tu, tena taa ya mshindani.

Dagaa wa Victoria na wa Tanganyika hukaa kina kirefu mchana, kisha hupanda usiku kufuata vijidudu wanavyokula. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri au za jua, dagaa wakajikusanya chini yake. Mbalamwezi ikitanda, uso wote wa ziwa una mwanga, na taa yake haina tena cha kuvutia. Kwa hiyo wengi huvuta mitumbwi ufukoni siku kadhaa kila mwezi unapokaribia kupevuka, wakashona nyavu. Hata hivyo siku hizo si za kufutwa kwa mkupuo: mwezi huchomoza ukichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo baada ya kupevuka kunabaki kipande cha giza baada ya magharibi, na kila usiku kinarefuka.

Nyumba ya Mungu ni habari nyingine. Nyavu za kutega hutupwa jioni na kutolewa alfajiri bila taa yoyote. Mbalamwezi hudhuru kwa njia yake, kwani kwenye maji maangavu samaki huziona nyuzi. Ila mvua ikinyesha mlimani, Kikuletwa huleta matope, maji yakachafuka, na mwezi hauna tena neno. Masika, kati ya Machi na Mei, maji hufunika majani ya kingo, na kambale hukimbilia humo usiku kutaga. Ndio wakati rahisi wa kuwakamata, na ndio wakati mbaya wa kuwakamata.

Upepo una mamlaka kuliko yote. Baharini kusi kali huwazuia wenye ngalawa kwenda mbali. Tanganyika, pepo za kusini-mashariki za kati ya Mei na Septemba husukuma maji ya juu ya uvuguvugu kuelekea kaskazini. Kusini maji baridi yenye rutuba huibuka kutoka chini, na miezi baadaye rutuba hiyo imekwisha kuwa chakula cha dagaa. Sehemu ya msimu huo iliingia pia kwenye kalenda ya serikali: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane.

Hata giza likiwa jema na upepo umetulia, hali ya hewa bado ina neno la asubuhi. Dagaa huanikwa juani, mchangani au kwenye vichanja, na mvua ya saa nne ikiwakuta hawajakauka huanza kuoza. Waliookolewa nusu hushuka bei, wakaishia kusagwa kuwa chakula cha kuku.