Sake: njia panda inayoamua Goma itakula nini

Kilometa karibu 25 magharibi mwa Goma, barabara inayopita Mugunga inaacha mawe meusi ya volkeno na kufika mahali ambapo lava, ziwa na milima vinakutana. Hapo ndipo Sake. Ukipita haraka ndani ya gari utaona senta ndogo tu: nyumba za mbao na mabati, soko, vijana wa moto wakingoja wateja, tshukudu zilizopakiwa makala na mihogo. Lakini kwa familia za Goma, Sake ni mlango wa chakula. Na kwa kila jeshi lililopigana Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1990, ni mlango wa Goma yenyewe.

Kiutawala, Sake iko katika teritware ya Masisi, usultani wa Bahunde, kundi la vijiji la Kamuronza. Barabara tatu kutoka mashambani zinakutana hapo. Ya kwanza inatoka kusini, kando ya Ziwa Kivu, kupitia Bweremana na Shasha. Ndiyo barabara ya taifa namba 2 inayounganisha Goma na Minova, kisha Bukavu. Ya pili inateremka kutoka Masisi-senta na Mushaki, upande huohuo wa migodi ya Rubaya. Ya tatu inatoka Kitchanga kupitia Kilolirwe. Zote tatu zikishafika Sake, inabaki njia moja tu ya kuingia Goma.

Ardhi yenye maji na ardhi isiyo na maji

Ili kuelewa sababu ya Goma kutegemea njia panda hii, tuangalie ardhi kwanza. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mvua inanyesha kwa wingi, lakini maji yanazama katikati ya mawe, na mito haionekani. Mahali pengi udongo ni mwembamba, na kuna sehemu ambapo haupo kabisa. Upande wa kaskazini wa uwanda huo kuna Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambako kulima ni marufuku.

Ukivuka Sake, mambo yanabadilika. Milima ya Masisi ni sehemu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ina vijito, udongo mzito na baridi inayofaa ng'ombe. Huko ndiko yanatoka maziwa, jibini, nyama, viazi, maharagi na mahindi. Upande wa Minova zinatoka ndizi, mihogo na mboga. Mji wa Goma, ambao umejaa watu mwaka kwa mwaka kwa sababu ya vita, hauna shamba lake. Shamba lake liko nyuma ya Sake.

Lava iliyofika ziwani

Volkeno imeiumba Sake, na imeitisha pia. Mwaka 1912 kilima cha Rumoka kilizaliwa karibu na ziwa, kati ya Goma na Sake, na lava yake ikateremka hadi majini. Januari 1938 Nyamulagira ulilipuka tena, na mlipuko huo uliendelea hadi mwaka 1940. Lava ilitembea umbali mrefu, ikapita juu ya njia ya Goma, ikaingia ziwani karibu na Sake. Ilijaza sehemu ya mlango wa ghuba ya Kabuno, na tangu hapo ghuba hiyo inaungana na Ziwa Kivu kwa njia nyembamba, isiyo na kina kirefu.

Jambo hilo si la historia tu. Maji ya chini ya Ziwa Kivu yana gesi nyingi, hasa hewa ya kaboni na metani, na katika Kabuno gesi hiyo iko karibu zaidi na uso wa maji kuliko katika ziwa kubwa. Mwaka 1986, Ziwa Nyos huko Kamerun lilitoa hewa ya kaboni usiku mmoja, na watu karibu 1,700 wakafa vijijini. Kwa sababu hiyo wataalamu wa volkeno na wa ziwa wanaichunguza Kabuno kwa makini.

Wakaaji wenyewe wanaijua gesi kwa jina lingine: mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inapokuwa nyingi inaua kwa dakika chache. Mbuzi anaanguka kwanza, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi, na mtoto yuko katika hatari kuliko mtu mzima. Wanaokimbia vita na kulala popote njiani kati ya Sake na Mugunga hawajui kila mara shimo lipi ni la mazuku.

Watu waliokuja, watu waliokimbia

Bahunde ndio wenye usultani huo tangu zamani. Kati ya mwaka 1937 na 1955, utawala wa Wabelgiji ulileta makumi ya maelfu ya Wanyarwanda Masisi kupitia mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Wazungu walihitaji wafanyakazi kwa mashamba yao, na walitaka kupunguza watu Rwanda. Swali la nani ana haki juu ya ardhi na nani atawale lilibaki bila jibu. Machi 1993 lililipuka kuwa vita, kuanzia Ntoto katika teritware ya Walikale, na moto ukaenea Masisi.

Mwaka uliofuata, 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walijaza kambi za Mugunga na Lac Vert, kati ya Goma na Sake. Novemba 1996, wakati waasi wa AFDL walipovunja kambi hizo, wakimbizi wengi walirudi Rwanda, na wengine wakapita Sake kuelekea misitu ya Masisi na Walikale. Tangu hapo senta hii imepokea watu na kuwapoteza mara nyingi.

Novemba 2006, wapiganaji wa Laurent Nkunda walishambulia Sake, wakaaji wakakimbilia Goma, na jeshi la Umoja wa Mataifa likaingilia kati kuwazuia. Novemba 2012, M23 waliingia Goma tarehe 20, kisha wakasonga hadi Sake. Mwaka 2021 safari iligeuka: Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Goma walikwenda Sake kwa miguu, na wenyeji wakawafungulia nyumba, makanisa na shule.

Februari 2024 ikawa zamu ya watu wa Sake tena. Vita vilifika kwenye vilima vinavyoizunguka, mabomu yakaanguka ndani ya senta, na wakaaji wakajaza kambi za Goma. Wakati huohuo barabara ya Minova ilikatwa kule Shasha. Bei ya chakula Goma ikapanda, na wafanyabiashara wengi wakahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya jamaa zao. Wengi wao wangesafiri kwa gari kama barabara ingekuwa wazi.

Januari 2025 historia ilijirudia kwa haraka. M23 waliichukua Sake, gavana wa kijeshi Peter Cirimwami akajeruhiwa kwenye uwanja wa vita upande huo na kufariki, na siku chache baadaye, tarehe 27, waasi wakaingia Goma.

Kurudi kwenye nini?

Februari 2025 wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi za kando ya Goma waliamriwa na M23 kuondoka. Wengi walirudi Sake na vijiji vya Masisi. Walikuta nyumba zimebomolewa au zimenyang'anywa mabati na mbao, na mashamba yamegeuka msitu baada ya misimu kadhaa bila jembe. Ubaya zaidi ni mabomu ambayo hayakulipuka. Mkulima anayepiga jembe anaweza kuligonga moja, na mtoto anaweza kulichukua akidhani ni chuma cha kuuza.

Kwa mtu wa Goma, hilo linaonekana kuwa shida ya watu wa mbali. Si hivyo. Shamba lisilolimwa Kamuronza ni maharagi yasiyofika soko la Virunga. Kizuizi kimoja cha kulipisha kodi kati ya Kitchanga na Sake ni franka zinazoongezwa juu ya kila kopo la unga. Mama anayeuza mihogo kwenye kona ya mtaa wa Katindo hahitaji ramani kujua kama njia ya Sake ni salama. Bei ya gunia inamwambia asubuhi.

Kuna kazi tatu ambazo haziwezi kungoja mazungumzo ya amani yamalizike: kuondoa mabomu mashambani, kuweka alama kwenye mashimo ya mazuku mahali ambapo waliorudi wanajenga upya, na kuacha magari ya chakula yapite bila kulipishwa kila kilometa chache. Anayeshika njia panda ya Sake, awe nani, ndiye anayeulizwa kwanza na wakaaji.