Kisima Kinachogoma Kuchemka

Msomaji wa Nakuru ametuuliza swali lenye uchokozi kidogo: mvuke uko Olkaria, pale pale jirani na Ziwa Naivasha; kwa nini basi wahandisi wetu wapelekwe Iceland kuusomea?

Jibu fupi: Iceland, sawa na Bonde la Ufa, imekaa mahali ambapo gamba la dunia linavutwa huku na huku, na miamba ya moto haiko mbali. Tangu 1979 mjini Reykjavik hutolewa mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi, yaliyoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya.

Jibu refu ndilo linalonifurahisha, nalo limo ndani ya kisima kinachogoma.

Ukichimba kilomita mbili au tatu Olkaria, unaweza kukuta maji ya nyuzi 300 za Selisiasi ambayo bado ni maji. Yamekandamizwa mno kuweza kuchemka: kwa joto hilo, shinikizo likizidi mara 85 hivi ya lile la hewa ya ufukweni, maji hutulia. Ni presha kuka, ile ile ya maharage, ila kifuniko chake si chuma. Kifuniko ni maji yenyewe: safu ya mamia ya mita ya maji yaliyopoa, iliyoyakalia yale ya moto. Hakina mpini. Utakifunuaje?

Wahandisi hawakiinui, wanakizamisha. Valvu ya juu hufungwa, kompresa husukuma hewa kisimani, na maji baridi hushuka, hushuka, mpaka kwenye mwamba wa moto. Huachwa huko yapate joto. Kisha valvu hufunguliwa kwa mkupuo. Hewa hufyatuka, maji hupanda, mzigo hupungua, nayo huanza kuchemka. Mchanganyiko wa maji na mvuke ni mwepesi kuliko maji, kwa hiyo yaliyo chini nayo hupunguziwa mzigo, nayo yakachemka, na mchemko ukazidi kuteremka. Kifuniko kimegeuka chakula! Baada ya hapo kisima hujiendesha.

Kuchemka huku bila moto kuongezwa nitakuita mfumuko wa mvuke; wachumi wametosheka na neno lile kwenye bei, sasa walirudishe jikoni. Joto la kufumukia hutoka kwa maji yenyewe, ndiyo maana si yote yanayogeuka. Maji ya nyuzi 300 yakifika kwenye kitenganishi cha mvuke na maji chenye shinikizo la mara sita hivi ya hewa, karibu theluthi moja ya uzito wake huwa mvuke wa kuzungusha mtambo. Yanayobaki hurudishwa ardhini.

Sasa, hewa isukumwe kiasi gani? Maji yaachwe saa ngapi? Kila kisima na tabia zake, na ujuzi huo hukaa kwa watu walioona visima vingi, wa nchi nyingi. Kwa hiyo watu hao wametafutana. Tangu 2005 Waiceland na Wakenya wameendesha kozi fupi nchini Kenya, wakiwakutanisha wataalamu wa Ethiopia, Uganda, Rwanda, Tanzania na kwingineko. Na Kenya, iliyowasha mtambo wa kwanza wa Olkaria mwaka 1981 kwa megawati 15 tu, leo hupata zaidi ya theluthi moja ya umeme wake kwa jotoardhi. Wachimbaji wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, wameshavuka mpaka kwenda Ethiopia na Djibouti.

Harufu ya mayai viza, gesi zinazopanda na mvuke, familia za Wamaasai zilizohamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV: hayo yana makala yake.

Tanzania nayo imekodolea macho jotoardhi ya Ngozi, Mbeya. Kisima cha huko kikigoma, kompresa itakodishwa. Wa kusema valvu ifunguliwe lini huenda yuko Naivasha, na ataeleza kwa Kiswahili.