Vyumba Viwili vya Uani

Kijana anataka kuoa, au ada ya shule imepanda na kodi ya mpangaji ingesaidia. Basi mwenye nyumba wa Sakina au Kaloleni anapima uani kwa hatua na kusema: vyumba viwili tu, kazi ndogo.

Tuhesabu. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 3 chini ya paa moja hula tofali 500 hivi za inchi 6. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30, hiyo ni mifuko 17, na bado hujajenga, hujapiga plasta wala kumwaga sakafu. Ndipo fundi anapokunong'oneza kwamba mfuko unaweza kutoa tofali 50. Mimi nilikubali. Masika yalipokuja, kona ya ukuta ilimomonyoka kama andazi kwenye chai.

Moramu ya kujazia msingi nayo ina gharama ambayo mwenye lori haiandiki kwenye risiti. Aprili 2013 kifusi cha machimbo kiliporomoka Moshono, kikaua watu zaidi ya kumi.

Lakini kilichonimaliza mimi ni choo. Shimo la nyumba kubwa liko uani hapo hapo, na gari la kunyonya lazima lipate njia. Kibali cha halmashauri hudai mchoro, na mchoro ungelionyesha hilo mapema, mimi niliuruka. Mke wangu aliuliza gari litapita wapi tukiwa tumeshafunga lenta. Tulibomoa chumba kimoja.