NYAMBIZI YA KASISI: KUZAMA, KUONEKANA NA KUHIFADHIWA



Wasomaji wetu watukufu, kila mtoto wa Kiislamu hufundishwa mapema kisa cha Nabii Yunus (A.S.), aliyekuwa tumboni mwa samaki katika giza la bahari, kisha kwa rehema ya Mola wake akatoka salama. Tangu zamani binadamu ametamani kwenda chini ya maji kwa hiari yake na kurudi mzima. Mwezi huu tunapenda kuwasimulieni habari za mtu wa hapa Uingereza aliyelijaribu jambo hilo kwa mali yake na ya marafiki zake, na yaliyokipata chombo chake baada yake.

Mtu huyo ni George Garrett, kasisi wa Kikristo wa Manchester, aliyezaliwa mwaka 1852. Hakuwa mwanamaji. Mwaka 1878 aliunda nyambizi ndogo iliyoendeshwa kwa nguvu za mikono. Mwaka uliofuata akaagiza kubwa zaidi kwa mafundi wa chuma wa Birkenhead, ng'ambo ya mto wa Liverpool. Ilikuwa na urefu wa meta 14 hivi na uzito wa tani 30, nayo ilichukua watu watatu tu. Akaiita Resurgam, neno la Kilatini lenye maana ya "nitafufuka".

Iliendeshwa kwa mvuke. Moto uliwashwa chombo kikiwa juu, maji yakachemka kwa nguvu ndani ya tangi lililofungwa. Kabla ya kuzama, moto ulifungiwa kabisa ili usimalize hewa, na joto lililokwisha kuhifadhiwa katika maji yale likaendelea kutoa mvuke wa kuizungusha rafadha kwa saa kadhaa. Hebu fikirini hali ya watu watatu waliofungiwa humo pamoja na tangi la maji ya moto!

Mwezi wa Desemba 1879 Garrett na wenzake wawili waliondoka Birkenhead kuelekea Portsmouth, kwa matumaini kwamba jeshi la maji la Uingereza lingekinunua chombo. Walitua Rhyl, pwani ya Wales, kwa matengenezo. Mwezi wa Februari 1880 wakaendelea na safari, nyambizi ikivutwa kwa kamba na meli ndogo iitwayo Elfin. Njiani mashine ya Elfin ikaharibika, na watu wa nyambizi wakahamia huko kusaidia. Kumbe mlango wa juu wa nyambizi haukuweza kufungwa barabara na mtu aliye nje! Dhoruba ikavuma, maji yakaingia, kamba ikakatika, na Resurgam ikazama. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini mali yote ilikwenda na maji.

Garrett hakukata tamaa. Alishirikiana na Thorsten Nordenfelt, tajiri wa Kiswidi aliyefanya biashara ya silaha, na miongoni mwa wanunuzi wao ikawamo Dola ya Kiislamu ya Uthmaniya. Nyambizi mbili zilipelekwa Istanbul vipande vipande na kuunganishwa huko kati ya miaka 1886 na 1887. Zikapewa majina ya Abdulhamid na Abdulmajid, yaani Sultani wa wakati ule na baba yake. Ile ya Abdulhamid husifiwa kuwa ya kwanza duniani kurusha topido ikiwa chini ya maji. Hata hivyo vyombo hivyo viliyumba mno, havikufaa kwa vita, na mwisho vikaliwa na kutu. Garrett mwenyewe alihamia Marekani, akafariki New York mwaka 1902 akiwa mtu asiye na mali.

Miaka 115 baada ya kuzama, jina la Resurgam likaelekea kutimia. Mwaka 1995 nyavu za wavuvi zilinasa kitu chini ya bahari karibu na Rhyl. Mpiga mbizi aliyeshuka kuzinasua akakuta mwili wa chuma wa nyambizi. Mwaka 1996 mabaki hayo yakawekwa chini ya ulinzi wa sheria, hata haijuzu mtu kuyapigia mbizi bila ya ruhusa. Mwaka 1997 wapiga mbizi wa kujitolea walishirikiana na wataalamu wa mambo ya kale kuyachunguza na kuyaandikia taarifa, na mwaka huo huo mfano wake wa ukubwa kamili ukaundwa kwa ajili ya watu wa Birkenhead.

Yamkini msomaji atauliza: mbona wasiitoe majini wakaikarabati? Jibu liko Gosport, katika jumba la makumbusho la nyambizi. Huko ipo Holland 1, nyambizi ya kwanza ya jeshi la maji la Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Nayo pia ilizama ikivutwa, mwaka 1913, ikatolewa mwaka 1982. Watu walidhani kazi imekwisha kwa kuisafisha na kuipaka dawa. Lakini chumvi ilikuwa imekwisha penya ndani ya chuma, na chuma cha namna hiyo kikikutana na hewa hulika kwa kasi. Kutu ikarudi. Kuanzia mwaka 1995 ilibidi nyambizi nzima itumbukizwe kwa miaka kadhaa katika tangi kubwa la maji yenye dawa ya jamii ya magadi, ili chumvi itoke. Kisha ikajengewa nyumba isiyoingiza unyevu. Basi kuopoa ni kazi ya siku chache, na kuhifadhi ni kazi ya umri mzima. Ndiyo maana Resurgam imeachwa ilale chini, na kilicholetwa juu ni vipimo, picha na maandishi.

Ndugu wasomaji, jambo hili latugusa. Mtepe, chombo cha wazee wetu wa pwani kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, haupo tena hata mmoja wa asili. Tunaujua kwa sababu wako waliouchora, waliouunda mfano wake na walioandika habari zake. Wamo miongoni mwetu wazee waliosafiri kwa majahazi, na wengine waliozaliwa na mafundi wa kuyaunda. Tuketi nao, tuwaulize majina ya mbao, ya kamba na ya pepo, tuyaandike pamoja na tarehe na jina la msimulizi. Chuma kilichotolewa baharini chahitaji tangi na mamilioni. Maneno ya mzee yahitaji daftari na saa moja ya subira.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na atujaalie kuwasikiliza wangali nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.