Jean Depara: muziki njo ulimfanya mpiga foto

Kijana mwenye simu anaweza kupiga foto mia moja kwenye konseri, asipate hata sura moja.

Jean Depara hakuwa na filamu ya kuharibu. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akaja Kinshasa, wakati ule Léopoldville. Alitengeneza baiskeli. Aparei yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Shule ya sanaa, hapana. Kisha, miaka ya 1950, Franco wa OK Jazz akamuomba awe mpiga foto wake, na usiku wa mabaa ukawa kazi.

Kwa studio mteja anakaa wima, anachagua uso wa kuonyesha. Bendi ikipiga hapo hapo, uso unatoka wenyewe. Lakini flashi inawaka mara moja tu, giza linarudi. Basi mpiga foto anasikiliza kwanza: gitaa likiingia sebeni, watu wanageuka, njo anabonyeza.

Depara alikufa mwaka 1997. Mwaka 2015 foto zake zilionyeshwa Paris, Fondation Cartier. Nyingi zimeandikwa tu « Bila jina ». Hiyo inaniuma: yule mama anayecheka pale ni bibi ya mtu.