Mvula ikijaza shimo chini ya nyumba



Kule Kasulo, mu Kolwezi, tangu 2014 bantu walichimba cobalt hata ndani ya nyumba. Shimo ikibaki wazi, mvula inaijaza, udongo unalainika, musingi unashuka. Kwangu ukuta wa chumba ya batoto ulipasuka usiku moja.

Ukiona ufa mupya, batoto watoke kwanza. Motopompe isishuke mu shimo: moshi yake inaua. Ibaki inje, teremusha mupira tu. Maji ikiisha, jaza udongo kidogo kidogo, ukiupiga kila mara. Kisha chimba mufereji wa kupeleka maji ya mabati mbali na ukuta.

Sisi ba syndicat tunaomba: kila avenue ifanye salongo ya mifereji mbele ya mwezi wa 11.